Jina Lililotiwa Wimboni

Feri ilikwisha kuachana na Likoni hatua mbili nzima, mashine inatetema, ndipo karani mmoja aliyechelewa kazini alipoamua kuruka. Aliruka vizuri. Kutua ndiko kulikomshinda, maana alitua na miguu yote miwili ndani ya kapu la nyanya.

Mwenye kapu alikuwa Kafedha, binti wa Bofu, mrefu, leso ya manjano kifuani na nyingine begani. Hakupiga kelele. Alimtazama yule mwanamume tangu kofia mpaka suruali nyeupe, iliyopigwa pasi ikasimama wima, sasa nyekundu mpaka magotini.

"Karani," akasema, "mchuzi huo wautafutia wali, ama wenda nao hivyo hivyo ofisini?"

Abiria walicheka. Kefa Odhiambo, mtu wa Kisumu, mpiga taipu wa ofisi moja ya serikali kisiwani, aliinama akaokota nyanya zilizosalimika, moja moja, miguuni mwa watu mpaka ng'ambo. Huo ulikuwa mwaka wa arobaini na nane. Haukupita muda, ikawa kila jioni Kafedha hashiki njia ya Bofu mpaka karani ateremke ferini, achukue kapu, waende pamoja. Alimcheka Kiswahili chake, kwamba kina mawe kama mchele wa dukani. Kefa akamwambia basi akipepete yeye.

Nyamvula, mamake Kafedha, alikuwa kitandani kwa mwezi wa tatu sasa na homa isiyojulikana. Kefa alimpelekea dawa, akampa shikamoo yake kila alipoingia, na mgonjwa akasema huyu wa bara ana adabu. Kilichobaki ni posa.

Kisha akafa mzee Baya, jirani yao, na Kefa akaenda mazikoni. Wanawake sita wa ukoo wa Kafedha waliizunguka maiti na kayamba zao, wakaimba wimbo walioachiwa na bibi zao. Kafedha ndiye aliyeanzisha. Kefa hakuelewa neno hata moja, lakini sauti ile ilimsimamisha pale pale kwenye jua. Njiani alimwuliza ni wimbo wa nini. Kafedha aliona haya kumfunulia mgeni mambo ya nyumbani, akajibu ni wa kumsifu mtu.

Hakusema zaidi. Hakusema kwamba wimbo ule hauimbwi ila maiti ipo uani, na kwamba katikati yake pana mahali pa kutia jina. Anayetajwa hapo ameagwa, na aliyekwisha zikwa hatajwi tena. Ukoo ule haumwekei tena sahani, wala hapati mke kwao. Na pakiachwa wazi, wimbo hujitafutia mtu nyumbani kwa anayeuanzisha.

Huko kwa kina Kefa, anayemsifu marehemu leo, kesho huitwa pombeni kuwasifu walio hai, na hakuna anayeona ajabu. Kwa hiyo yeye aliondoka pale na sauti tu.

Wiki mbili baadaye simu ililia ofisini kutoka Nairobi. Mkubwa mmoja wa Uingereza angevuka Likoni Jumamosi, naye aliomba aonyeshwe ngoma ya wenyeji. Bwana wa ofisi akamgeukia Kefa: wewe walala kule, ipi iliyo nzuri? Kefa hakufikiri. Aliwataja wanawake wa Bofu, na wimbo wa siku ya Baya, na Kafedha kwa jina lake, akayapiga taipu mwenyewe huku anatabasamu.

Amri ililetwa na Mwarandu, tarishi wa chifu, mzaliwa wa Bofu. Wanawake walipomkumbusha wimbo ule ni wa nini, alijibu akitazama chini kwamba chifu anajua, ila neno limetoka juu, na atakayekataa atalala rumande, awe na mgonjwa nyumbani au asiwe naye.

"Jina lako limo, Kafedha," akasema. "Ni taipu ya huyo wako."

Jioni Kafedha alimngoja Kefa gatini.

"Kalifute lile jina."

"Lifutwe vipi? Limekwisha fika Nairobi. Kipenzi, utaimba mbele ya wakubwa. Waogopa nini?"

"Kwa Baya ulikuwepo. Ulisimama, ukaona."

"Nikaona. Ndiyo maana nikakuandika."

Kafedha aliyasikia hayo kama maneno ya mtu anayejua na asijali. Akalivuta kapu mkononi mwake, akaenda zake peke yake.

Jumamosi saa nne kiwanja kilikuwa na bendera, viti vya kuazima na askari waliopaka viatu rangi. Mgeni aliketi katikati, mnene, jasho likimtiririka. Wanawake walisimama juani na leso mpya walizopewa na chifu.

"Mtie huyo," Kanze, binamu yake Kafedha, alimnong'oneza. "Ana mwili wa kujaza makaburi mawili."

Shangazi yao Mbeyu akamkata. "Mkalimani yule pale. Tutafungwa sote sita. Lakini usipaache wazi, mwanangu. Mamako leo asubuhi hakunijua."

Kayamba zikaanza. Kafedha aliimba mpaka akafika pale mahali, na pale akatia jina: Kefa, mwana wa Odhiambo. Kayamba zilikwama kidogo, zikaendelea.

Kefa alikuwa nyuma ya viti na faili kwapani. Alilisikia jina lake, akavua kofia, akamgusa mkalimani kwa kiwiko ili na yeye asikie.

Mgeni alipiga makofi, akaomba warudie. Wakarudia. Jina likatajwa mara ya pili.

Kafedha alipofika nyumbani alimkuta mamake ameketi, anaomba uji.

Alasiri Kefa akaja, suti nyeupe, doti ya leso mkononi. Mbeyu alimkuta uani, hakumpa kiti wala hakumjibu salamu. Kafedha akatoka mpaka uani.

"Umenitaja mbele ya wakubwa," Kefa akasema, "mara mbili. Mimi ningengoja nini tena? Nimekuja kuposa."

Kafedha alimtazama usoni, akaona kwamba hajui. Akamweleza yote, wimbo, mahali pa jina, mama.

Kefa aliziangalia leso mkononi mwake. "Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani wajua. Mbona hukuuliza?"

"Niliuliza. Ukasema ni wa kusifu."

Akamnyoshea mkono. "Nishike. Nina joto ama sina?"

"Unalo."

"Basi mimi mzima. Twende Changamwe tupange chumba. Nani atatujua?"

"Nakutaka, Kefa. Usiku na mchana nakutaka. Lakini mama amekunywa uji leo, bakuli zima. Nikikufuata nimelitoa jina lako mle. Nitie la nani?"

Kefa aliziweka leso juu ya ua, akarudi ferini.

Nyamvula aliishi miezi kumi na moja, akafa kwa homa ile ile. Kefa alihamia Changamwe, akamwoa Pascalia, wakapata watoto watano. Alikufa mzee, kwao. Mwarandu alifanywa chifu. Mgeni aliandika barua ya shukrani, akasema hakuona pwani nzima ngoma iliyomchangamsha kama ile. Kafedha hakuolewa. Aliuza nyanya mpaka magoti yalipokataa. Siku ya maziko ya mamake wanawake walikuja na kayamba, akakataa kuanzisha, wala hakuuanzisha tena. Mbeyu, Kanze na wale watatu walizikwa kimya, mmoja baada ya mmoja, na yeye akawa wa mwisho kuujua wimbo ule.