Yasinta wa Pili

Kaa hapo kwenye ndoo, sikiliza, usinikatize. Na usidhani hii ilitokea usiku. Ilikuwa saa sita mchana, Makole, jua linapasua vichwa, miaka ile intaneti ndo inaingia Dodoma.

Fredy alikuwa fundi wa kampuni moja ndogo ya intaneti. Siku hiyo alikuwa anaiunganisha seva mpya ili mwenzake wa Dar, Raphael, aichunge kutoka kule kule: joto lake na uzima wake. Seva lazima iwe na jina. Kama wenye malori wanavyochora majina ya watoto wao, naye akaiita Yasinta, jina la bintiye wa miaka minne. Akaitengenezea cheti cha usalama, yaani kitambulisho cha mashine, chenye tarakimu zake.

Utaratibu ni huu: mashine ikibisha hodi na cheti, mafundi mnasomeana tarakimu kwa simu, zikilingana ndo unakubali. Kioo kikaonyesha: Yasinta anaomba kuingia. Fredy ana njaa, chipsi mayai inapoa. Akabonyeza kubali, hata hakusoma; ombi likaja tena, akabonyeza tena.

Simu ikaita. Raphael.

"Kaka, mbona huku naona Yasinta wawili?"

"We umelewa mchana wote huu?"

"Sina utani. Mmoja nyuzi kumi na tisa, baridi ya chumba chako. Mwingine thelathini na saba."

"Hilo si joto la mtu?" Fredy akacheka.

Ndo harufu ya udi ikaingia, kwenye chumba kisicho na hata dirisha, na feni za seva zikaacha kuvuma, zikaanza kuvuta na kutoa, kuvuta na kutoa, kama mtu aliyelala.

Simu tena. Mkewe, Edina, kutoka nyumbani Kizota, anaongea chinichini. "Baba Yasinta, mtoto anachemka ghafla. Thelathini na tisa."

Fredy akamtazama yule wa pili kwenye kioo. Thelathini na tisa.

Akachomoa waya wa mtandao. Edina akapiga yowe simuni: "Hapumui! Fredy, mtoto hapumui!" Akaurudisha, na mtoto akakohoa.

Kampuni ilikuwa na mfagizi, Bi Zaitun, mama wa Kondoa anayejua mambo ya majini. Akaja na ufagio wake, akanusa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Alibisha hodi?"

"Alibisha."

"Ukamuuliza ni nani?"

"Alisema Yasinta."

"Na wewe ukamwambia pita." Akashusha sauti. "Kifute cheti chake sasa hivi, kabla adhana ya adhuhuri haijaisha. Ila baba, ukifuta cha mwanao, atakayebaki nje ni mwanao."

Fredy akafungua orodha. Vyeti viwili, kimoja juu, kingine chini, jina moja, tarakimu tofauti, na zile za kweli hakuwahi kuziandika popote, na joto la wote wawili sasa ni arobaini, na linapanda, na Edina anasali kwa machozi simuni, na adhana ya adhuhuri inaanza kule msikitini, na ndani ya seva, katikati ya kuvuta na kutoa, sauti ya Yasinta wake kabisa ikasema polepole:

"Baba, futa wa chini."

Haya niambie. Kidole ni chako, mtoto ni wako. Ungefuta yupi?