Moshi Unaelekea Wapi?

Zulhumor aliolewa katika mji wa Chust, akaja na maswali yake yote. Hakuacha hata moja kwao.

Aliuliza kwa nini kofia za Chust ni nyeusi. Akaambiwa. Akauliza kwa nini pilipili zinazodariziwa juu yake ni nne, si tano. Akaambiwa tena. Alipouliza kwa nini pilipili zenyewe ni nyeupe, mama mkwe wake, Ugiloy, aliweka sindano chini.

"Binti," alisema, "kaiulize pilipili."

Lakini Ugiloy alimpenda hivyo hivyo alivyo. Mtaani hapakuwa na mdarizi wa kumshinda Ugiloy. Kila asubuhi, Zulhumor akishamaliza kunyunyiza maji uani na kufagia, wanawake wa jirani walikuja kudarizi kofia nyumbani kwao. Walikaa kwenye magodoro membamba kando ya kuta za chumba kikubwa. Kila mtu alikuwa na mahali pake. Ugiloy alikaa mwisho kabisa wa chumba, mbali na mlango, maana hapo ndipo panapoitwa juu, mahali pa mtu wa heshima. Zulhumor alikaa mlangoni, maana mke wa mwana ndiye anayeinuka kwenda kuleta chai.

Kisha korona ikaingia mjini. Basi dogo alilokuwa akiendesha Bahrom, mume wa Zulhumor, likasimamishwa. Jirani mmoja wa mtaa wa pili alipelekwa hospitali akihema, na hakurudi. Siku hiyo nyumba nzima, Bahrom, Zulhumor na watoto wao, ilimtazama Ugiloy. Alikuwa na pumu tangu utotoni. Wakati wa baridi, hata kuvuka ua kulimchosha. Ugonjwa huu ukimpata mama, je, atapona? Hakuna aliyethubutu kulisema, lakini wote waliliogopa.

"Mama, tusimamishe kazi," alisema Bahrom.

"Halafu tule nini? Pilipili nne?" Ugiloy alimjibu. "Basi lako limelala. Kofia ndizo zinazotulisha. Na Nasiba anayedarizi nasi, je? Ni mjane, ana watoto."

"Lakini kifua chako, mama!"

"Kifua changu nakijua mimi. Tutafanya kama alivyofanya marehemu mama yangu."

Basi wakafanya hivyo. Zulhumor alikoroga unga na maji, akabandika karatasi kwenye nyufa zote za madirisha, kama watu wanavyofanya kila majira ya baridi yanapokaribia. Mwaka huo alibandika mapema, na alibandika mara mbili. Upepo wa milimani usipate pa kupita. Kila asubuhi alichoma majani makavu ya isiriki kwenye kikaango cha chuma. Alizunguka na moshi wake chumbani, juu ya kichwa cha kila mmoja, ili maradhi yakimbie.

Wanawake walikohoa, wakacheka, wakaendelea kudarizi.

"Leo mimi na nyama ya kukaushwa kwa moshi ni ndugu," alisema Nasiba. Barakoa yake ilikuwa chini ya kidevu. Aliulamba uzi, akautia kwenye tundu la sindano, akampa jirani yake sindano hiyo. Kibakuli cha chai kilikuwa kimoja. Zulhumor alimimina, mmoja akanywa, akakirudisha, akamiminiwa mwingine. Ndivyo chai inavyonywewa na watu wanaopendana.

Asubuhi moja Zulhumor alikiacha kikaango mlangoni kwa sababu maji ya chai yalikuwa yanachemka. Aliporudi na birika alisimama ghafla. Moshi haukuwa mlangoni tena. Ulikuwa umepita polepole chini ya dari, juu ya vichwa vya wote, ukaenda kukusanyika mwisho wa chumba. Ulining'inia pale pale, juu ya kitambaa cheupe cha kichwani cha Ugiloy. Ugiloy alikuwa akikohoa.

Zulhumor alimimina chai ya wote. Akatazama tena. Moshi ulikuwa bado pale.

"Mbona umeganda kama mlinzi?" aliuliza Nasiba. "Kuna nini kwenye dari?"

"Moshi nimeuwasha huku. Kwa nini umekwenda kukaa kule kwa mama?"

"Haya, maswali hayo!" alisema Ugiloy. "Moshi nao unajua kuheshimu wakubwa."

Wote walicheka, Zulhumor pia. Lakini moyoni hakucheka. Alikuwa na swali jingine, na hilo lilimtia hofu. Kama moshi wa mlangoni unafika kule na kukaa, pumzi zetu je? Zinakwenda wapi?

Jioni alimngoja Mavjuda langoni. Mavjuda alikuwa muuguzi katika zahanati ya mtaa, na nyumba yake ilikuwa ukuta mmoja na yao. Alikuwa amechoka. Barakoa ilikuwa imemwachia alama mashavuni. Walisalimiana kwa mbali, kila mmoja ameweka mkono kifuani.

"Dada Mavjuda, pumzi ya mtu huenda wapi ikishatoka?"

Mavjuda alikuwa ameshashika mlango wake. Aliuachia.

"Nani amekuuliza hivyo?"

"Moshi."

Akamsimulia yote. Mavjuda alisikiliza bila kumkatiza. Mwisho akauliza, "Madirisha mmeyafunga?"

"Nimeyabandika karatasi. Mara mbili."

"Ewe Zulhumor!" Mavjuda alishika kichwa. "Kesho nitapita kabla ya kazi. Usimwambie mama kitu. Na usichome isiriki mpaka nije."

Kesho yake Mavjuda alisimama mlangoni na barakoa yake. Alimwamkia Ugiloy kwa heshima zote, akaomba ruhusa ya kuwaonyesha jambo. Alimpa Nasiba, aliyekuwa karibu na mlango, kikaango akishike mbele ya mdomo wake, kisha akawasha isiriki mwenyewe.

"Tuseme Nasiba ana korona na hajui," alisema. "Wengi huanza hivyo. Haumwi popote, anaongea na kucheka tu. Pumzi yake ni kama moshi huu. Haya, tazameni."

Walitazama. Hakuna aliyedarizi. Moshi ulipanda, ukatambaa, ukampita huyu na yule, ukafika mwisho wa chumba. Ukakaa.

"Kila siku mnaongea humu tangu asubuhi mpaka jioni," alisema Mavjuda. "Pumzi hazina rangi, kwa hiyo hamzioni. Kumbe zinakusanyika hapo."

Alinyoosha mkono kuelekea mahali pa heshima. Ugiloy alitazama juu ya kichwa chake.

"Lakini moshi huu unaua ugonjwa," alisema. "Mama yangu alifukiza miaka yote."

"Harufu yake ni nzuri, mama, hata mimi naipenda. Ila korona haiogopi moshi. Kinachouogopa ni kifua chako. Umekohoa mara ngapi tangu nianze kusema?"

Ugiloy alitaka kujibu, kikohozi kikamkatiza. Nasiba aliinama kuficha kicheko.

"Na sasa tazameni tena." Mavjuda alimpa Zulhumor ishara.

Zulhumor alichana karatasi zake mwenyewe, zile alizozibandika kwa jasho. Alifungua dirisha la uani, akafungua na la pili lililoelekeana nalo. Upepo uliingia. Moshi ulitikisika, ukajikunja, ukatoka mbio kama mbuzi aliyeona lango wazi. Mara ukaonekana ukuta wa mwisho na maua mekundu yaliyochorwa juu yake.

"Kumbe!" alisema Ugiloy. "Yaani kwa heshima yote mliyonipa, mmenikalisha kwenye shimo la pumzi zenu?"

"Hatukujua, mama," alisema Zulhumor. Machozi yalimlengalenga.

"Basi mama akae mlangoni," alisema Nasiba.

"Mimi? Mlangoni?" Ugiloy alikaa wima. "Mke wa mwanangu akae juu, mimi nikae kwenye viatu? Watu watasema nini? Afadhali korona!"

Mavjuda alimtazama Zulhumor. Zulhumor aliutazama ua, na baraza lililokuwa wazi pande tatu chini ya mzabibu. Majani ya mzabibu yalikuwa yakicheza, yote yakielekea langoni.

"Dada, tukikaa nje, pumzi zinakwenda wapi?"

"Zinachukuliwa na upepo."

"Basi anayekaa upande unakotoka upepo anapata hewa kwanza, kabla yetu sote?"

"Ndiyo. Hewa mpya, ambayo hakuna aliyeivuta."

Zulhumor alimgeukia mama mkwe wake. "Mama, barazani mahali pa heshima ni upande wa milimani. Upepo uanzie kwako, ndipo uje kwetu."

Ugiloy alifikiri. Alijitahidi asitabasamu, akashindwa.

"Hilo sasa ni neno la mtu aliyelelewa vyema," alisema. "Chukueni magodoro."

Tangu siku hiyo walidarizi barazani. Walikaa mbalimbali kidogo, wamevaa makoti mazito, kila mmoja na blanketi magotini. Barakoa zilifunika pua na mdomo. "Pua ya Nasiba nayo ni pua," Ugiloy alikuwa akisema kila barakoa iliposhuka. Kila mmoja alikuja na sindano yake na kibakuli chake. Uzi haukulambwa tena. Waliuchovya kwenye maji. Aliyetaka chai alisogea pembeni, akavua barakoa, akanywa. Mvua ikinyesha, kila mmoja alifanya kazi kwake, na Zulhumor akapita kukusanya kofia malangoni. Walikubaliana pia kwamba mwenye kikohozi au homa abaki nyumbani, na fungu lake la kazi limngoje.

Bahrom naye alipata kazi. Wanawake hawakwenda tena sokoni kila mtu kivyake. Yeye alikwenda asubuhi na mapema, watu wakiwa wachache, akanunua mchele, karoti na vitunguu vya nyumba zote. Hakusimama kupiga soga. Akirudi alinawa kwa sabuni kabla hajagusa kitu au watoto wake.

"Sasa nimejua bei ya karoti," alimwambia mkewe. "Nilikuwa nakulaumu bure."

"Hayo maneno yaseme tena, mama ayasikie," alisema Zulhumor.

Asubuhi moja simu ililia. Alikuwa Nasiba, sauti imekauka.

"Shoga, usiku nimeshikwa na homa. Sisikii harufu ya kitu. Nimepimwa. Ni yenyewe." Alianza kulia. "Na jana nilikuwa kwenu. Mama je? Nimemuua mama!"

Zulhumor aliishusha simu. Alimtazama Ugiloy, aliyekuwa akivunja mkate kwa ajili ya wajukuu. Alimpigia Mavjuda.

"Siwezi kukuahidi," alisema Mavjuda. "Hakuna kinga isiyo na tundu. Lakini mlikuwa nje, mmefunika pua, na mama alikaa upande unakotoka upepo. Mwacheni alale chumba chake peke yake, madirisha wazi. Mkimsogelea, vaeni barakoa. Nyote msitoke. Akianza kuhema, nipigie wakati wowote."

Walingoja. Usiku Zulhumor alisikiliza mlangoni jinsi mama anavyopumua. Chakula cha Nasiba na watoto wake kilipikwa na Mavjuda, kikaachwa langoni kwao. Ugiloy alilalamika kwamba supu haina chumvi, na kila alipolalamika Zulhumor alishukuru. Mtu anayelalamika ana pumzi.

Mama hakuugua. Wala mwanamke mwingine wa barazani.

Nasiba alipopona na muuguzi kumruhusu, alirudi amekonda. Alisimama langoni akiona haya, mkono kifuani. Ugiloy alikuwa amesimama katikati ya ua na kikaango mkononi. Kilikuwa kinafuka moshi wa isiriki.

"Mama!" Zulhumor alishtuka. "Dada Mavjuda si alisema moshi hauui ugonjwa?"

"Nimesikia alivyosema. Mimi si kiziwi." Ugiloy alikinyanyua kikaango kwa mkono ulionyooka, mbali na uso wake. Alitazama moshi unaelekea wapi. Ulikwenda langoni. Akakiweka chini, akapanda barazani, akalisogeza kidogo godoro lake mwenyewe pale pale upande wa milimani. Mahali palipobaki akatandika la Nasiba, kando ya lake.

"Njoo ukae juu, mwanangu," alisema. "Leo upepo uanzie kwetu wawili."