Nyama Isiyoweza Kuachwa

Ndugu msomaji, kama ungepita mtaa wa Bertrams, Johannesburg, Jumamosi yoyote ya Desemba ile, karibu na uwanja wa Ellis Park, ungesikia kicheko kabla hujaiona nyumba. Nyuma ya nyumba hiyo, kwenye ua mdogo wa saruji, ungewakuta wanaume watatu wameinamia pipa la chuma linalofuka moshi, kila mmoja akitoa maoni yake kama daktari juu ya mgonjwa.

Mwenyeji alikuwa Marcellin, Mkongomani wa Kalemie, msimamizi wa walinzi katika jengo moja la ofisi Braamfontein. Alexis, Mkongomani mwenzake, alikuwa fundi cherehani Fordsburg. Wa tatu, Kang'ethe, alikuwa Mkenya mfanyakazi wa benki, mtu mpole asiyejua hata kushika nyundo, lakini hakosi kuja. Msimu ule wa joto walijipa kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kukarabati karavani kuukuu, kile kijumba cha bati chenye magurudumu kinachovutwa na gari, ili familia zao zipokezane kwenda nayo baharini Durban. Ya pili ilikuwa kujifunza kuivisha nyama kwa moshi, polepole, kutwa nzima, kama wenyeji wanavyofanya.

Hakukuwa na ubaya wowote. Urafiki wa namna ile humwondolea mgeni upweke wa mji mkubwa. Lakini ndani ya karavani ile kulikuwa na mtu anayeishi.

Mtu huyo alikuwa Mzee Gaston, baba yake Marcellin, fundi wa reli mstaafu. Alikuja Johannesburg mwezi wa sita, baada ya kumzika mkewe, akiwa na sanduku moja na kikohozi. Mwanzoni alilala chumba kimoja na mjukuu wake, Victoire, msichana wa miaka kumi na minne. Mitihani ilipokaribia, Victoire akalalamika kwa Kiingereza, maana Kiswahili alikisikia tu bila kukizungumza, kwamba babu anakohoa usiku na yeye hapati usingizi.

"Papa," Marcellin alimwambia baba yake, "ukae kwenye karavani wiki mbili tu, mitihani ipite. Nimeweka godoro jipya."

Mitihani ikapita. Hakuna aliyemrudisha ndani, na mzee hakuuliza.

Kisha jirani wa mkono wa kushoto akaja kulalamika kwamba nguo zake zinanuka moshi kwenye kamba. Marcellin alimwomba radhi kwa adabu kubwa. Siku ileile akalisogeza pipa upande wa pili wa ua, chini ya dirisha la karavani. Nawaomba msimame kidogo hapo. Jirani alilalamika mara moja, akasikilizwa. Mzee hakulalamika, na moshi ukageuziwa kwake.

Jumamosi moja Kang'ethe aliacha kutafuna. "Bana, huyo mzee anakohoa sana."

"Ni uzee," Marcellin akajibu. "Baridi ya huku imemshinda."

Baridi, mwezi wa kumi na mbili! Kang'ethe alitaka kusema zaidi, lakini alikuwa mgeni na sahani ilikuwa mkononi mwake. Akaendelea kula.

Gaëlle, mke wa Marcellin, ndiye aliyesema wazi. Alikuwa msusi, na Desemba wateja humiminika saluni mpaka hakuna nafasi ya kukaa. "Papa Victoire, mzee amekonda. Jana hakumaliza uji. Mimi Jumamosi siwezi kutoka kazini, lakini zahanati iko wazi mpaka saa sita. Umpeleke."

"Nitampeleka."

"Niahidi."

"Nimekwambia nitampeleka, Gaëlle."

Jumamosi hiyo ilipofika, Marcellin aliamka alfajiri. Lakini aliamka kuwasha moto. Alikuwa amealika familia nne za kanisani, na kidari kizima cha ng'ombe kilitaka muda wa saa kumi na moja juu ya moshi, bila moto kuzidi wala kupungua. Saa tatu asubuhi mzee alitoka karavani amevaa koti na viatu vya kutokea, akashika ukuta ili apumue.

"Niko tayari, mwanangu."

Marcellin alihisi aibu ikimpanda, na kama wengi wetu, akaigeuza kuwa haraka. "Eish, Papa, leo nyama iko motoni. Haiwezi kuachwa. Jumatatu nitaomba ruhusa kazini. Kweli tupu."

Mzee aliliangalia pipa, akamwangalia mwanawe. "Haya. Jumatatu si mbali." Akarudi ndani, akavua koti.

Saa tisa alasiri, wageni wakiwa wamejaa sebuleni, mbingu ya Johannesburg ilifunga ghafla. Mvua ya mawe ikaanza. Nyama ilikuwa imebakiza saa moja. Marcellin na Alexis wakavaa glavu, wakalisukuma pipa chini ya turubai lililofungwa mbele ya mlango wa karavani, mahali pekee pakavu.

"Mzee yuko ndani?" Kang'ethe aliuliza kwa sauti, akishindana na mvua.

"Amelala," Marcellin akajibu. Hakuwa amechungulia.

Wakakimbilia sebuleni. Sombe, yaani kisamvu, ilikuwa mezani, wali ulikuwa mezani, na mawe yalipiga bati la paa mpaka watu wakalazimika kupiga kelele ili wasikilizane. Katikati ya kelele zile Marcellin alisikia kitu kikigonga mara tatu, kikanyamaza. Akajiambia ni mvua. Kwa dakika moja fupi alijua kwamba si mvua. Kisha Alexis akatoa mzaha, watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao.

Mvua ilipokatika, Victoire alitoka kupiga picha barafu iliyotapakaa uani. Wote walimsikia akilia kwa Kiswahili ambacho hawakuwahi kukisikia kinywani mwake: "Babu! Babu, fungua!"

Mlango haukufunguka kwa sababu pipa lilikuwa limeegemea pale. Marcellin alilisukuma kwa mikono mitupu, akaungua viganja vyote viwili. Mzee Gaston alikuwa amelala chini nyuma ya mlango, kitambaa chenye maji kikiwa kimefunika pua yake. Alikuwa anapumua kwa shida.

Hospitalini daktari mmoja mwanamke alimwuliza Marcellin, "Mapafu ya mzee huyu yameugua kwa miezi. Moshi wa leo umeyamaliza. Hakuna aliyekuwa akimsikia akikohoa?"

Marcellin alitazama bandeji mikononi mwake.

Siku ya tatu mzee alifungua macho. Marcellin akainama karibu, akisubiri kulaumiwa. Alizitaka zile lawama. Angeweza angalau kuomba msamaha.

"Wageni," mzee akanong'ona, "walikula?"

"Walikula, Papa," Marcellin akadanganya.

"Vizuri." Siku iliyofuata, kabla ya jua kuchomoza, akafariki.

Walimzika Johannesburg, mbali na kaburi la mkewe. Kang'ethe alilia kuliko ndugu wa damu. "Nilimsikia," alimwambia Marcellin. "Kila Jumamosi nilimsikia, na nikaendelea kula."

Wiki moja baadaye Marcellin aliingia karavani kutoa vitu vya baba yake. Palikuwa na joto kama tanuri. Alipotaka kufungua dirisha likakataa, na ndipo alipoona. Mzee alikuwa amerarua shati lake jeupe, lile la kanisani, akaziba kila ufa wa dirisha kwa vipande vyake, kimoja kimoja, kwa umakini wa fundi. Vya chini vilikuwa vyeusi kabisa. Kazi ile ilikuwa ya wiki nyingi.

Marcellin aliketi kwenye godoro, vipande vile vikiwa mapajani. Gaëlle alipomfuata alimkuta akijaribu kuviunganisha ukosi na mkono, kana kwamba shati lingeweza kurudi. Hakumkemea. Aliketi kando yake, wakalia.

FUNZO

Ndugu zangu tunaoishi ugenini, nyama haina kosa, wala karavani, wala marafiki. Furahini pamoja, jengeni, pikeni. Lakini mzazi aliye kimya si mzazi aliyeridhika. Wengi wao wananyamaza kwa sababu wanaona wamekuwa mzigo na wanaogopa kuongeza uzito. Usingoje mzee alalamike ndipo umjali kama unavyomjali jirani. Ukimwahidi kumpeleka hospitali leo, zima moto umpeleke leo. Na wewe uliyealikwa, ukisikia mtu anakohoa nyuma ya nyumba unamokula, weka sahani chini, nenda ukamwone.