Mabaki ya Sindano Nyuma ya Soda

Nilikuwepo. Nasema mapema, wajuaji wa mtaani wasije kunifundisha mambo ya nyumbani kwangu. Nilikuwepo saluni nikitengeneza draya, nikawepo sebuleni, nikawepo mpaka kwa daktari. Macho yangu hayajawahi kunidanganya, ingawa mke wangu anasema vingine.

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu tunayeishi naye, alifanya kazi mapokezi hotelini. Mdomo aliopewa na Mungu ulimtosha kula, kusengenya na kunitukana mimi, lakini yeye akauona mwembamba. Akaenda kwa mwenye saluni, tuliyemwita Dokta kwa sababu ya koti jeupe la mtumba. Dokta hatupi kitu. Sindano ya kujazia midomo ikibaki na dawa, anaifunika na kuitia kwenye friji, nyuma ya soda.

"Hii alibakiza mteja mmoja," akasema. "Alikuwa arudi kumalizia, kapotea. Wewe nakutia kidogo tu."

"Akirudi je?" nikauliza, bisibisi mkononi.

"Fundi, tengeneza draya."

Mteja huyo asingerudi, kama nilivyokuja kujua baadaye. Alikuwa ameshazikwa, na mtaa mzima ulijua isipokuwa Dokta, ambaye habari isiyohusu nywele haimwingii kichwani.

Mdomo ukavimba, tukaambiwa ni kawaida. Uvimbe ukashuka, likabaki bonge upande wa kushoto, gumu kama kokwa. Dokta akamwambia alikande. Akalikanda mbele ya kioo, mchana kweupe, na sebule ikaanza kunuka udongo mbichi. Nikadhani bomba limepasuka.

"Shemeji, umesema nini?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Si umesema wewe?"

"Mimi nimefunga mdomo."

Kweli alikuwa ameufunga. Lakini bonge lilitetemeka kama koo la chura, na sauti ya mwanamke mwingine ikatoka humo, taratibu: "Nirudishieni changu."

Tangu hapo kazini akawa akimkaribisha mgeni, sauti ile inamtangulia kudai chake, hadi meneja akamwambia akapumzike nyumbani, na bonge nalo likawa linapanda, kila asubuhi liko juu kidogo, mdomo umepauka kama wa maiti, naye analala ameketi kwa hofu kwamba likifika puani hatavuta pumzi tena, na mimi namcheka tu, mpaka siku niliyokuwa nanyoa ndevu nikaona kwenye kioo, nyuma ya shemeji, mwanamke ameinama anampima mdomo kwa kidole chenye udongo.

Sikumaliza kunyoa. Mimi na mke wangu tulimpeleka kwa daktari wa ngozi, mama mtu mzima asiye na mzaha.

"Nani alikuchoma?"

"Dokta."

"Dokta wa nini?"

"Wa nywele," nikajibu mimi, kwa kuwa shemeji aliona haya.

"Na mdomo ulipopauka ukafanya nini?"

"Aliniambia nikande."

Daktari akaguna kama mtu aliyefunua sufuria akakuta wali umeungua. Akamchoma dawa ya kuyeyusha. Bonge likaanza kulegea, likatoa mlio kama maji yanayoishia kwenye sinki, kisha sauti ikauliza, kwa adabu kabisa:

"Na iliyobaki iko wapi?"

Daktari akaacha kuandika. Na mke wangu, ambaye mimi nikimuuliza soksi zangu ziko wapi hanijibu, akanong'ona:

"Kwenye friji ya saluni. Nyuma ya soda."

Harufu ya udongo ikakatika papo hapo. Shemeji akavuta pumzi ndefu, akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe. Alirudi kazini na mdomo wake mwembamba, na kunitukana ameendelea. Dokta naye, aliposikia, aliitoa sindano, akaivunja na kuitupa chooni, mambo yakaishia hapo.

Yote ni kweli tupu, ila hilo la kuitupa nimelitunga mimi ili mpate usingizi. Dokta hatupi kitu. Alijichoma mabaki hayo mwenyewe, jioni ileile. Siku hizi anasuka amevaa barakoa na hamsemeshi mtu, lakini wateja wanakaribishwa vizuri tu, kwa sauti isiyo yake.