Sarafu Sitini za Waliojitolea

Saa 4:00 asubuhi. Chumba cha nyuma cha gereji, Kaunas, Lithuania.

Vaidotas aliweka bastola mezani, kando ya kahawa.

"Kikongwe wa makumbusho anatimiza themanini leo. Skaistė anampa maua. Anafurahi, anafungua kabati atuonyeshe. Sarafu sitini za fedha, tunaondoka nazo."

Ni sarafu za kuwakumbuka wakulima walioacha majembe wakaenda vitani kwa hiari yao. Mnunuzi alikuwa ng'ambo ya mpaka.

"Halafu tunamfunga kamba?" Skaistė aliuliza.

"Juzi aliniona uso. Kamba haifuti uso."

Kęstas, dereva, akacheka. "Dada, usilie. Wanja utachuruzika."

Skaistė akautazama mlango. Vaidotas alikuwa ameuegemea.

"Kuna anayetaka kubaki nyuma?" Vaidotas aliuliza. "Abaki. Kaburi nitamchimbia mwenyewe."

Saa 4:40.

Skaistė alinunua waridi kumi na moja. Kęstas alimtazama kutoka garini, hakupepesa. Vaidotas akageuka kuwasha sigara, Kęstas akainama kumpa kiberiti. Skaistė akachomoa ua moja, akalisukuma kwa kiatu chini ya lori. Yakabaki kumi. Idadi ya shufwa huwekwa kaburini. Aliye hai hapewi kamwe. Hakuna Mlithuania asiyelijua hilo.

Saa 5:00. Makumbusho.

"Jamani, maua!" Bibi Stasė alipiga makofi. "Nani kawaambia?"

"Hongera, bibi," alisema Skaistė.

Midomo ya kikongwe ikahesabu kimya kimya. Ikakoma. Akamtazama binti, kisha mkono wa Vaidotas uliozama ndani ya koti.

"Mazuri mno, wajukuu. Yatakufa kwa kiu haya. Nilete chombo."

Akaingia stoo bila haraka. Komeo likalia. Kengele ikapasua hewa, na wavu wa chuma ukaporomoka mlangoni. Nje, gari la Kęstas lilinguruma likatokomea.

Vaidotas aliutikisa wavu mara mbili. Akaupiga teke mlango wa stoo. Ulikuwa wa chuma. Nyuma yake kikongwe alikuwa akiongea na polisi kwa simu, sauti kavu, nzima.

"Kajuaje?"

Skaistė alivuta kiti cha wageni, akaketi.

"Wewe!" Vaidotas alinong'ona. "Ulinunua mangapi?"

"Kumi na moja, kaka. Moja nimeliacha njiani."

Bastola ikapanda.