Cherehani ya Mama Mnadani

Kila asubuhi Uzi alifagia chumba, akaosha vikombe, kisha akamtungia shangazi yake sindano. Jina la Uzi alipewa na marehemu mama yake kwa wembamba wake. Tangu mama afariki, shangazi alimlea kwa kushona nguo kwa mkono.

Jumamosi moja hawakushona. Karakana aliyofanyia kazi mama ilikuwa imefungwa na mashine zake zilikuwa zinapigwa mnada uani. Shangazi alibeba akiba yote, ya kununulia cherehani ya mama na vitambaa vya kuanzia kazi. Alimwambia Uzi asimame mbele aitazame tu. Yeye angejificha nyuma ya watu, ili fundi mikoba mmoja aliyeitaka pia asijue anavyoitamani akapandisha bei.

Kwenye cherehani Uzi aliona pale rangi ilipofutika kwa kiganja cha mama.

Fundi mikoba alifika shilingi elfu mia moja, akaishia hapo.

“Nyuma kule, mia na kumi,” dalali akatangaza.

Uzi aligeuka, akaona migongo na kofia tu. Alidhani shangazi amekata tamaa na mgeni anaichukua. Mkono wake ukapanda wenyewe. Mia na ishirini. Nyuma wakaongeza. Akaongeza tena, hadi mia na themanini.

Dalali akashusha nyundo bila kuigonga. “Wewe mtoto, unanunua na nani?”

“Na shangazi. Yuko nyuma.”

Watu wakapisha. Shangazi alikuwa bado amenyoosha mkono, jasho likimtiririka.

“Kumbe wanapandishiana wenyewe!” fundi mikoba akasema, na watu wote uani wakacheka.

Dalali hakucheka. Alisema mkono wa mtoto hauhesabiwi, akarudi kwenye mia na kumi ya shangazi. Hakuna aliyeongeza. Akagonga.

Wakiisukuma cherehani kwenye mkokoteni, Uzi aliomba radhi kwa sauti ya kulia. Shangazi alikiri kwamba hata yeye, kwa hofu, alikuwa ameshasahau vitambaa. Angeendelea hadi senti ya mwisho.

“Hatukuwa tunanunua cherehani, mwanangu,” alisema. “Tulikuwa tunamzuia mama yako asiondoke tena, na hilo halina bei. Siku nyingine tutapanga kiwango chetu nyumbani, tukiwa tumetulia. Kikifika, tunashusha mkono, hata kama tunalia.”

Uzi alifuta machozi, akashika upande wake wa mkokoteni. Walipitia dukani, wakanunua vitambaa.