Pampu ya Mzee Mashavu

Kila asubuhi, kabla sijavaa sare ya shule, huwalisha samaki wangu watatu kwenye tangi la kioo sebuleni. Mkubwa wao tunamwita Mzee Mashavu, maana hula kama aliyeambiwa chakula kinakwisha leo. Kwa ajili yao mama huniita Mama Samaki, nami najivunia.

Jumamosi moja fundi wa kupulizia dawa alikuja kuua mende. Nilikuwa nimeshalifunika tangi kwa nailoni na kulizungushia utepe wa gundi. Pampu ya hewa iliyokaa sakafuni niliiacha ikinguruma, kwa kuogopa samaki watakosa pumzi.

"Shikamoo, fundi," nikamsalimu nje ya mlango.

"Marahaba, binti. Mama amenieleza kuna samaki ndani. Tangi umelifunika? Pampu umezima?"

"Ndiyo," nikajibu haraka. Nilijiona najua kuliko yeye. Tena dawa ilikuwa ya mende, na Mzee Mashavu si mende.

Mimi na mama tukasubiri nje, naye fundi akaanza na jikoni. Alipotoka kujaza bomba lake la kupulizia, mama akamuuliza kwa nini pampu izimwe.

"Inavuta hewa ya chumbani na kuisukuma majini," akasema. "Nikipuliza dawa sebuleni, samaki watainywa. Sisi tunaiita dawa, mama, lakini ni sumu. Kwa samaki hata kidogo inatosha."

Fundi alikuwa ameshashika kitasa cha mlango wa sebule.

"Fundi, subiri," nikasema, machozi yakinilengalenga. "Sikuizima. Nilikudanganya. Niliogopa watakosa hewa."

Mama akanikazia macho. Fundi akaingia peke yake, na mngurumo ukakoma.

"Wako watatu tu kwenye tangi kubwa," akaniambia aliporudi mlangoni. "Saa chache watavumilia. Ungeniuliza ningekueleza. Mimi naamini jibu ninalopewa, binti. Nikiambiwa ndiyo, napuliza."

Mchana, madirisha yakiwa yamefunguliwa muda mrefu na harufu imekwisha, niliondoa nailoni na kuwasha pampu. Mzee Mashavu akapanda juu, mdomo wazi, akidai chakula chake. Nilicheka huku nalia.

Mama akanishika bega. "Nailoni uliifunga vizuri, Mama Samaki, lakini haikutosha. Kilichowaokoa ni kusema kweli kabla mlango haujafunguliwa. Siku nyingine ukiogopa kitu, uliza. Usijifiche nyuma ya ndiyo."